Galatoni: Habari za Gitaa Lililokwisha Tumika katika Njia ya Tunduma

Katika maneno ya Kiswahili yaliyozaliwa na biashara, machache yamesafiri mbali kama neno galatoni. Watanzania wengi wa makamo, na hasa wanamuziki, hulitumia kwa maana ya gitaa lisilotumia umeme, yaani lile ambalo wengine huliita gitaa kavu. Mwenye kulitumia hana haja ya kujua kwamba hapo kwanza hilo lilikuwa jina la biashara. Gallotone ilikuwa chapa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ambayo mwanzilishi wake, Eric Gallo, alifungua duka la santuri mjini Johannesburg mwaka 1926. Kampuni hiyo ilitoa santuri kwa jina la Gallotone, kisha ikatengeneza magitaa ya bei nafuu kwa jina lilo hilo. Jina likatoka katika kibandiko likaingia katika lugha, kama vile kiwi ilivyokuwa dawa yoyote ya viatu na kolgeti dawa yoyote ya meno.

Badiliko la sauti katika neno hili si la kustaajabisha. Irabu o ya silabi ya pili imevutwa na a ya silabi ya kwanza, na mwisho wa neno umepata i, kama ilivyo desturi ya maneno mengi ya kigeni yaliyoishia kwa konsonanti. Kwa wingi husemwa magalatoni, kwa kufuata magitaa. La kustaajabisha ni maana. Kibandiko kilimtaja mtengenezaji. Wasemaji wakalifanya neno kuwa jina la aina. Na magitaa ya umeme yalipoenea, likawa jina la kutenganisha, galatoni likiwa ni lile ambalo si la umeme. Hivyo neno lililoanza kwa kusifu kitu kipya dukani likaishia kutaja kitu cha kujifunzia, cha kuazima na cha kurithi kwa kaka.

Kabla ya gitaa, pwani ilikuwa na udi na gambusi, na kinanda kilikuwa jina la ala ya nyuzi kabla halijawa jina la ala ya kupigwa kwa kubonyeza vibao, na hata la mashine ya santuri. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaonyesha maana hizo zikikaa pamoja chini ya neno moja. Bara nako hakukuwa kutupu. Wahehe wana ligombo, ala ya ubao uliochimbwa na kupitishiwa nyuzi, na zeze limeenea kwa makabila mengi. Kwa hiyo gitaa halikukuta vidole visivyojua uzi. Lilikuta watu wasio na fedha za kulinunua, na hapo ndipo habari ya Tunduma inapoanzia.

Mpaka unaopita Tunduma ulichorwa kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, ukapimwa na kuwekewa alama mwaka 1898, nao ukawapitia Wanyamwanga katikati, wengine wakabaki upande wa kaskazini na wengine upande wa kusini. Kwa watu hao kuvuka hakukuwa kwenda ugenini. Migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ilipopanuka katika miaka ya 1920 na 1930, Barabara Kuu ya Kaskazini ikawa njia ya vijana wa Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali na Kinyakyusa waliokwenda kutafuta mshahara. Wengine walivutwa na dhahabu ya Lupa, karibu na kwao. Wengine walifika hata Johannesburg kwa kuandikishwa na shirika la kuajiri wachimbaji lililojulikana kwa jina la Wenela, mpaka serikali ya Tanganyika ilipokomesha uandikishaji huo baada ya Uhuru wa mwaka 1961.

Mtu aliyerudi kutoka migodini hakurudi mikono mitupu, wala hakutazamiwa kurudi hivyo. Godfrey Wilson, ambaye aliishi kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930 kabla ya kuongoza Taasisi ya Rhodes-Livingstone, alipochunguza maisha ya wafanyakazi wa Broken Hill aliona kwamba sehemu kubwa ya fedha zao ilikwenda katika nguo. Nguo ilivaliwa, ikatolewa kwa jamaa, ikauzwa. Baiskeli na mashine ya santuri vilifuata njia hiyo hiyo, na gitaa pia. Hapa pana jambo ambalo wanahistoria wa muziki hulipita upesi: gitaa lililonunuliwa jipya Kitwe au Johannesburg, likifika Mbozi au Ileje, lilikuwa tayari limetumika. Lilikuwa limejifunziwa katika nyumba za kambi, limebadilishwa nyuzi, limegongwa ndani ya lori. Kijana wa kijijini aliyelipata kwa kubadilishana na mbuzi au kwa fedha za kahawa alikuwa mnunuzi wa pili, pengine wa tatu. Katika nchi hii gitaa la mtumba halikuja baada ya gitaa jipya, lilitangulia.

Haitakuwa sawa kudai kwamba kila galatoni la Tanzania lilipita Tunduma. Chapa hiyo iliweza kufika kwa meli na kwa maduka ya miji ya pwani. Lakini kitu kilichotengenezwa kusini, kwa bei ya mfanyakazi wa kusini, kilikuwa na njia yake ya asili katika mizigo ya watu waliokuwa wakirudi kutoka kusini, na nyanda za Songwe ndizo zilizokuwa mlangoni.

Sauti iliyowafanya vijana walitamani gitaa nayo ilitoka upande huo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, ambao siku hizi huitwa Likasi, na santuri yake ya Masanga ikatolewa kwa chapa ya Gallotone. Bosco alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, gumba likishika sauti nzito na shahada ikicheza juu yake, hata gitaa moja likasikika kama mawili. Aliimba Kiswahili cha Katanga, ambacho mtu wa Tunduma alikielewa bila mkalimani. Ikumbukwe pia kwamba tangu mwaka 1949 ilikuwapo sokoni redio ndogo ya betri yenye umbo la sufuria, iliyoundwa ili mwananchi wa kawaida wa Rhodesia ya Kaskazini aweze kusikiliza kituo cha Lusaka. Kwa hiyo chapa moja ilimletea msikilizaji wimbo, na ikamwonyesha chombo cha kuupigia.

Gitaa la namna hiyo halikuwa la wachezaji wa dansi peke yao. Kenneth Kaunda, alipokuwa akieneza siasa za chama cha Congress katika Jimbo la Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1950, alisafiri kwa baiskeli akiwa na gitaa lake, akiimba kabla ya mikutano. Na katika miaka hiyo hiyo alijikimu kwa kuuza nguo kuukuu zilizotoka Kongo. Chinsali, nyumbani kwake, iko katika barabara ile ile inayokuja Tunduma. Ni nadra kuona gitaa na mtumba vikikutana hivyo katika maisha ya mtu mmoja aliyekuja kuwa Rais.

Sasa na tuangalie namna ya kununua. Magitaa haya yaliuzwa pia kwa posta: mnunuzi alisoma tangazo, akatuma fedha, akangoja kifurushi. Kwa njia hiyo Gallotone moja ilifika Liverpool mwaka 1957 mikononi mwa kijana John Lennon, ambaye alikuwa hajajulikana bado. Na mwaka 1999 gitaa hilo liliuzwa kwa mnada London kwa zaidi ya pauni 100,000. Ndani yake kilikuwamo kibandiko kilichotoa ahadi kwamba halitapasuka. Ahadi hiyo si maneno ya kupamba tu. Gitaa la ubao mzima likitolewa mahali penye unyevu likapelekwa mahali pakavu, ubao hunywea na kupasuka. Nyanda za Mbozi zina masika yenye mvua nyingi na kiangazi chenye upepo mkavu wa baridi, na mtu aliyebeba gitaa kutoka bondeni hakuweza kulipuuza jambo hilo. Magitaa ya bei nafuu kwa kawaida hufanywa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka, ambazo sauti yake ni hafifu kuliko ya ubao mzima lakini hazipasuki upesi. Basi unyonge wa kitu hicho ndio uliokifanya kidumu mpaka kimfikie mnunuzi wa tatu.

Gitaa la umeme lilileta hesabu nyingine. Galatoni lilijitosheleza, la umeme lilihitaji kikuza sauti, waya, spika na umeme wenyewe, navyo vyote ni mali ambayo mshahara wa mtu mmoja haukuweza kuinunua. Tangu hapo ndipo lilipopata nguvu neno vyombo, kwa maana ya mali ya bendi, na mwenye vyombo akawa ndiye mwenye bendi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kadiri chama kilivyobadilika, ndivyo bendi ilivyobadilika jina, ikawa Juwata, ikawa OTTU, na mwisho Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa chama cha siasa, Bima Lee ya shirika la bima, na Mlimani Park ilichukuliwa mwaka 1983 na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Wanamuziki walikuwa waajiriwa. Mpigaji aliyejulikana nchi nzima kwa mlio wa gitaa lake aliweza kuishi miaka bila kuwa na gitaa lake, na siku ya kuhama bendi aliondoka na vidole vyake tu. Wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park walipohamia Orchestra Safari Sound mwaka 1985, walitoka kwa mwenye vyombo mmoja wakaenda kwa mwenye vyombo mwingine.

Utaratibu huo ulikuwa na heri yake, na wanaoulaumu leo husahau mara nyingi kwamba uliwapa wapigaji mshahara, matibabu na mahali pa kufanyia mazoezi katika nchi isiyokuwa na fedha za kigeni. Lakini historia iliyoandikwa kwa kufuata majina ya bendi huwaacha nje watu wa miji midogo ambayo haikuwa na shirika la kununua vyombo. Kwa mpigaji wa Vwawa au Tunduma, gitaa lililokwisha tumika halikuwa hatua ya kwanza kabla ya kupata jipya. Lilikuwa njia pekee ya kupiga bila kumwomba mtu.

Njia ya Tunduma haikufungwa. Serikali ya Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru mwezi Novemba 1965, Zambia ilitafuta mlango mwingine, na malori ya mafuta yakajaa katika barabara ya Dar es Salaam, mpaka bomba la mafuta lilipomalizika mwaka 1968. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, nayo huvuka mpaka papo hapo Tunduma. Upande wa Zambia miaka hiyo ya 1970 ilikuwa miaka ya magitaa ya umeme, bendi za vijana zikichanganya roki na nyimbo za kwao. Kisha ikaja dhiki. Baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979 hata sabuni iliadimika Tanzania, na nyuzi za gitaa zilikuwa mbali sana katika orodha ya mahitaji ya taifa. Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, mitumba ya kila aina ilirudi kwa wingi, na mji wa mpakani ukanona.

Inafaa hapa kulieleza gitaa la aina moja ambalo tabia yake inalingana na haja za wanunuzi hawa. Mwaka 1958 kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa gitaa la umeme liitwalo ES-335, ambalo mbavu zake zina uwazi kama galatoni lakini katikati limepitishwa gogo la mti mzima tangu shingoni hata mwisho. Sababu yake ni hii. Gitaa la umeme lenye uwazi mtupu, sauti ikipandishwa, hutikiswa na spika. Mtikisiko huingia tena katika sumaku zilizo chini ya nyuzi, hurudi katika spika, hata gitaa likapiga ukelele lenyewe. Gogo la katikati huzuia mtikisiko huo, na mbavu tupu huacha sauti iwe laini. Kwa Kiswahili laweza kuitwa gitaa la uwazi nusu. La asili ni ghali mno, lakini tangu mwisho wa karne iliyopita viwanda vya Korea, na baadaye vya China, vimetoa mifano yake ya bei nafuu, kama Epiphone Dot na jamii ya Ibanez iitwayo Artcore.

Fadhila yake kwa mtu wa kijijini ni kwamba husikika kidogo hata bila umeme. Mpigaji aweza kufanya mazoezi usiku chumbani, na kuliunganisha siku ya ibada au ya harusi. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na kabla umeme haujafika katika vijiji vingi, chombo kilichokuwa nusu galatoni na nusu cha umeme kilikuwa na maana ambayo mbunifu wake wa Marekani hakuifikiria. Hitaji kubwa leo linatoka makanisani. Wamoravian walifungua misheni ya Mbozi mwaka 1899, na kwaya ambazo zamani ziliimba bila ala au kwa tarumbeta sasa huimba kwa gitaa la solo, la ridhimu na la besi.

Kasoro yake huonekana siku linapoharibika. Gitaa la ubao mzima lina kifuniko nyuma. Fundi hukifungua akaziona nyaya zote. La uwazi nusu kwa kawaida halina. Fundi hulazimika kuzifunga nyaya na vifundo vyake kwa uzi, kuvivuta nje kupitia tundu jembamba la kifuani, kuvichomelea, kisha kuvirudisha ndani kwa uzi ule ule mpaka kila kimoja kiingie mahali pake. Kazi ya nusu saa huwa kazi ya siku nzima. Gitaa kuukuu ambalo mwenyewe anasema "lina tatizo dogo la waya" huenda likamgharimu mnunuzi nauli ya Mbeya na ujira wa fundi, na mara nyingi hiyo ndiyo sababu ya kuuzwa kwake.

Mnunuzi wa zamani alikuwa na dawa ya hayo. Alilishika gitaa mkononi, akailenga shingo kwa jicho moja kama seremala alengavyo ubao. Akapitisha kidole juu ya vyuma vya shingoni akitafuta mifereji iliyochimbwa na nyuzi. Akaligonga tumbo na kusikiliza kama gundi imeachia. Na kama hakujua kufanya hivyo, alimjua aliyelileta. Mtu aliyetoka Kitwe na gitaa alikuwa mwana wa fulani, na likivunjika shingo baada ya mwezi, nyumba yake ilijulikana.

Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016, na makao yake yakiwa Vwawa, biashara ya namna hii ilikuwa imekwisha kuanza kuhamia katika simu. Gitaa liko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900. Mnunuzi yuko Tunduma. Kati yao kuna picha tatu. Fedha hutumwa kwa simu, njia ambayo M-Pesa iliifungua Tanzania mwaka 2008, na mzigo huja kwa basi. Mwaka 2019 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde ili malori yasikaguliwe mara mbili, lakini kwa gitaa moja lililofungwa katika boksi la karatasi ukaguzi wa maana si wa forodha. Picha huonyesha rangi. Haionyeshi shingo iliyopinda, wala haisikiki swichi inayokwaruza.

Ndiyo maana wanunuzi wenye busara wamemrudisha shahidi kwa njia nyingine. Humtuma ndugu aliye Dar es Salaam akalishike kabla fedha haijatoka. Asipokuwapo ndugu, humtaka muuzaji apige picha ya video: gitaa limeunganishwa, uzi mmoja mmoja upigwe tangu juu ya shingo hata chini, kila kifundo kizungushwe, kisha shingo ionyeshwe kwa ubavu. Muuzaji anayekataa hayo kwa kusema hana muda huwa amekwisha jibu. Kazi hii inadai maneno, na hapo Kiswahili cha wapigaji kina upungufu. Kuna nyuzi, shingo, sumaku na daraja. Lakini kwa kasoro nyingi mnunuzi na muuzaji huchanganya Kiingereza ambacho kila mmoja wao anakielewa kwa namna yake, na ugomvi wa baadaye huzaliwa humo. Maneno ya kukagulia ngalawa, jembe au ng'ombe ni mengi kwa sababu vitu hivyo viliuzwa mbele ya mashahidi kwa karne nyingi. Gitaa la umeme limeuzwa kwa mashahidi kwa miaka michache tu, kisha likaingia katika picha.

Gitaa la uwazi nusu lenyewe halijapata jina la Kiswahili lililokubaliwa na watu. Katika matangazo huitwa gitaa la umeme tu, au huandikwa kwa jina la kiwanda. Galatoni lilipata jina kwa kuwa chapa moja ilifika kwa wingi na kwa bei ya maskini. Chapa za leo ni nyingi mno, hakuna moja inayoweza kuzimeza nyingine, na vijana wa kwaya wameanza kusema akustiki mahali ambapo baba zao walisema galatoni. Hata hivyo, mzigo unapofika katika ofisi ya basi Tunduma na boksi likafunguliwa, mnunuzi huliinua gitaa kwenye mwanga na kuchungulia ndani ya tundu la kifuani, mahali ambapo kibandiko hubandikwa, aone kimeandikwa nini.